Mifuko Miwili ya Bibi Trudi

Siku tuliyomzika Anti Dorika, Mama Furaha alisimama mbele ya kanisa kutoa salamu za kina mama, akawachekesha watu kwa habari ya mifuko. Alisema marehemu alikuwa na vituko vyake kama binadamu wote. Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuwahi kuingia kanisani bila mifuko miwili, mmoja kila mkono, iwe jua iwe theluji, na ole wake aliyejaribu kumpokea. "Mimi nilimwambia, maman, lete nikupokee hata mmoja, akaniangalia kama mwizi," alisema, na kanisa zima likaangua kile kicheko cha msibani ambacho machozi yako nyuma yake tu. Nami nilicheka. Nilikuwa safu ya mbele, mahali pa wafiwa, na mifuko yenyewe ilikuwa mapajani mwangu, mmoja wa ngozi ya kahawia iliyochakaa kingo, mwingine wa turubai la kijivu. Nilikuwa nimeikuta asubuhi ile nyuma ya mlango wa chumba chake, nikaichukua pamoja na koti langu bila kufikiri. Ndani mna magazeti makuukuu yaliyokunjwa, basi, ya kuifanya ionekane imejaa. Mama Furaha ni mwanamke wa Uvira, Kongo, mwenye moyo mweupe, ameiongoza kwaya yetu tangu sote tulipokuwa wageni katika jiji hili, na hajui kwamba mifuko hiyo haikuwa ya Anti hapo mwanzo, wala kwamba yeye mwenyewe aliwahi kumpokea mwenye nayo mmoja wapo. Sitamwambia. Umri umekwenda, na alichofanya siku ile ndicho tulichofunzwa sote kufanya.

Nilikuwa na miaka ishirini mwaka ule. Sitasimulia nilivyopata viza wala nani aliuza ng'ombe gani. Kila mtu hapa anayo hadithi hiyo, na zote zinafanana. Nilifikia kwa Anti Dorika huko Plymouth, Minnesota, kwenye nyumba ya kawaida ya mtaa wa kawaida, ambayo alikuwa ameigeuza makao ya wazee. Alikuwa nao watatu, wawili hawakutoka kitandani, na wa tatu hakutulia kamwe. Mimi nililala chini, kwenye besimenti, karibu na mashine ya kufulia, na juu yangu nilisikia viatu vya huyo wa tatu vikienda na kurudi tangu kupambazuka. Nyumba ilinuka sabuni, viazi vya kuchemsha na dawa ya kuchua viungo. Siku ya kwanza nilipopanda ngazi nilimkuta kwenye korido, mwanamke mrefu, mwembamba, nywele nyeupe zimesukwa na kuzungushwa kichwani, amevaa koti ndani ya nyumba, na kila mkono una mfuko. Mimi ni mtoto wa Voi. Nilikua nikichapwa nikimwacha mtu mzima apite na mzigo. Heshima si utumwa, mama alikuwa akisema, na fimbo ikifuata kuthibitisha. Nikamwamkia kwa Kiingereza changu cha shule, nikanyosha mikono yote miwili, nikampokea mfuko wa ngozi. Hakupiga kelele. Alisimama tu, akautazama mkono wake wa kulia uliobaki mtupu kama mtu anayemtazama mnyama asiyemjua, na pumzi zikaanza kumtoka upesi upesi. Anti alitokea jikoni akaniambia, "Mrudishie. Huyo hapokewi." Nilipomrudishia, pumzi zilishuka, akaendelea na safari yake ya korido.

Anti hakujua sababu, wala hakuwa na muda wa kuitafuta. Alikuwa amefundishwa kwamba wazee wenye ugonjwa wa kusahau hufunga virago kila siku wakidhani wanarudi kwao, na hilo lilimtosha. Jina la yule bibi lilikuwa refu la Kijerumani. Sisi tulimwita Bibi Trudi na alilikubali. Alikuwa na mtoto mmoja, Bwana Kurt, mtu mzito, mpole, mwenye ofisi si mbali na pale, aliyekuja kila Jumapili na maua ya dukani yaliyokwisha kuinamisha vichwa. Kurt alituambia kwamba mama yake alitoka Ujerumani akiwa msichana, baada ya vita, akashona nguo maisha yake yote, na kwamba habari za utotoni mwake hakumwambia hata siku moja. "Mama hana utoto," alisema, huku akicheka kidogo, kama mtu aliyezoea kulisema hilo kwenye sherehe. Mimi nilimpenda yule bibi mapema, sijui kwa nini, labda kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha kujifunza kama changu na hakunicheka nikikosea. Lakini pia alinitisha. Kabla ya kusema lolote, hata kuomba chumvi, alitazama bega la kulia, kisha la kushoto, kisha ndipo alipofungua mdomo. Baada ya wiki mbili nilijikuta nami nikitazama, na hapakuwa na mtu nyuma yangu ila jokofu.

Mwaka ule nyumbani Kenya kulikuwa na uchaguzi, na watu walikuwa wakisema kwamba chama kilichotawala tangu uhuru safari hii kitaanguka. Ndugu walipiga simu. Anti, mwanamke aliyeendesha gari kwenye barafu kama anakwenda sokoni, mwanamke aliyewahi kumfokea askari wa barabarani mpaka akaombwa radhi, alikuwa akisikia neno siasa kwenye simu anakwenda kwenye sinki, anafungua bomba la maji hadi mwisho, na ndipo anapojibu, kwa sauti ya chini, bila kumtaja mtu kwa jina. Nilimtania. Nilimwambia, "Anti, hii ni Minnesota. Nani ana-time ya kukusikiza?" Akanijibu kwamba maji hayadhuru. Nilipozidi kucheka alinitazama vibaya, akasema mimi nilizaliwa juzi na sijui kwamba kuta zina masikio. Bibi Trudi alikuwa mezani na sahani yake ya viazi na siagi, mifuko imeegemea miguu ya kiti, mmoja huku na mmoja kule. Aliutazama ule mkondo wa maji, akamtazama Anti, akaitikia kwa kichwa taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyemtambua jirani wa zamani kwenye umati. Tangu siku ile, alipotaka kuniambia jambo lenye uzito, alinyosha kidole kwenye bomba kwanza. Nami nilifungua, nikidhani namridhisha mgonjwa.

Siku ya kuzaliwa ya Bibi Trudi iliangukia Jumamosi, mwezi wa theluji ya kwanza. Kikundi chetu cha maombi kilikuwa na desturi ya kuja pale mara moja kwa mwezi kuwaimbia wazee, na Bwana Kurt alikuwa ameridhia. Alisema kelele za furaha hazijamwua mtu. Walifika mchana, wakakung'uta kwenye viatu chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, wakajaa sebuleni, Pasta, kina mama, vijana wawili watatu wa chuo, na keki iliyonunuliwa dukani ikiwa na jina lililokosewa. Mimi nilikuwa jikoni na chai. Kwa hiyo mwanzo sikuuona, nilisimuliwa baadaye. Bibi Trudi alikuwa amesimama karibu na dirisha, na koti lake na mifuko yake, akiwatazama wageni. Mama Furaha akamwonea huruma, mtu mzima kusimama na mizigo siku yake mwenyewe. Akamwendea akitabasamu, akasema, "Maman, leo ni siku yako, lete nikupokee," akamtoa mfuko wa ngozi kwenye mkono wa kulia kwa upole wote wa Uvira. Hapo hapo Pasta akasema, "Tumwombee mama yetu. Nyosheni mikono yenu kwake."

Kila aliyekulia katika makanisa yetu anaijua ibada hiyo. Wote hawawezi kumwekea mtu mikono kichwani, hawatoshi. Basi walio mbali wananyosha mkono wa kuume kumwelekea, kiganja chini, na maombi yanapita humo. Nimeifanya tangu nikiwa mdogo na sijawahi kuiona ila kutoka upande wa mwenye mkono. Siku ile nilifika mlangoni na trei kubwa ya vikombe, chupa ya chai katikati, mandazi pembeni, mikono yangu yote imejaa, na niliona kutoka kando. Niliona mikono imenyoka, yote ya kulia, safu kwa safu, imekaza, na sauti zikipanda pamoja. Katikati yake bibi mmoja mrefu, mfuko mmoja kushoto, kulia hana kitu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukining'inia. Kisha ukaanza kupanda. Ulipanda polepole mpaka ukanyoka kabisa, vidole vimebanana, juu kuliko mikono ya wote, ukabaki hapo. Machozi yalimtoka bila sauti. Haja ndogo ilimshuka mguuni hadi kwenye zulia. Mtu akapaaza haleluya, Mama Furaha akaanza kulia kwa furaha, na Pasta, akidhani mbingu zimefunguka, akaongeza sauti. Macho ya Bibi Trudi yalikwenda mkono kwa mkono, yakitafuta pa kutokea, mpaka yakanifikia mimi mlangoni, yakashuka kwenye trei, yakakaa hapo hadi amina. Sikuelewa nilichokuwa nakiona, lakini mwili wangu ulielewa, maana vikombe vilikuwa vinagongana na siyo mimi niliyevitikisa.

Baada ya hapo hakula. Alijifungia chumbani, akasukuma kiti mlangoni, na alichosema alikisema kwa Kijerumani. Hayo tungeyavumilia. Lililotuvunja ni kwamba kila Anti alipoingia, Anti aliyemwogesha na kumkata kucha na kumsuka nywele zile, Bibi Trudi alisimama wima kando ya kitanda na kumnyoshea mkono ule. Alikuwa anautoa haraka, kabla hajaombwa, macho yameganda ukutani. Anti alishuka besimenti akasimama mbele ya mashine ya kufulia akalia, akaniambia nisimwambie mtu. Bwana Kurt aliitwa. Aliingia na maua yake, akasema, "Mama, ni mimi," na mama yake wa kumzaa akasimama akampa saluti ile ile. Niliuona uso wa Kurt ukibadilika rangi. Mzungu wa umri wake anajua saluti ile ni ya nani. Ameiona kwenye filamu maisha yake yote, ila hakuwahi kufikiri kwamba imelala ndani ya mama yake. Alikaa jikoni muda mrefu, koti mwilini, bila kugusa chai. Hatimaye alisema kwamba yeye hatulaumu, lakini kama hadi Jumamosi mama hajala, gari litakuja kumpeleka mahali penye madaktari, kwenye wodi ya milango inayofungwa kwa nje. Nilimtazama Anti na Anti akanitazama. Bibi ambaye hakuwa akila kwa sababu ya hofu angekuja kuchukuliwa na wanaume wenye sare, kwa gari, mbele ya majirani. Sote wawili tuliamini kwamba hatafika huko akiwa hai, au kwamba atakayefika siye yeye.

Kesho yake mchana nilimpelekea chakula, uji na viazi, kwenye trei ile ile, nikiomba Mungu asininyoshee mkono. Hakuninyoshea. Alitazama trei, akatazama bega moja, akatazama la pili, kisha akanyosha kidole kwenye bafu lake dogo. Nilielewa, nikaingia na trei mikononi, nikalifungua bomba kwa kiwiko. Maji yalipoanza kuunguruma alinisogelea akaniuliza, kwa Kiingereza, "Nani alikufundisha?"

Nilimwuliza, kunifundisha nini. Akasema kushika trei. Nilimwambia ukweli, kwamba hakunifundisha mtu, nilikuwa naleta chai. Alitabasamu, tabasamu la mtu anayempongeza mwenzake. "Vizuri," alisema. "Wakikuuliza, sema hivyo hivyo."

Alinisimulia akiwa amesimama, mifuko mikononi, maji yakimwagika, na mimi na trei yangu, maana sikuthubutu kuiweka chini. Alizaliwa katika mji mdogo wenye mto na kanisa moja, na alipokuwa mtoto wa shule chama kile kilichokuja kuleta vita kilishika nchi. Hakikuja na moto, alisema, kilikuja na salamu. Mwanzo walikuwa ni vijana tu walionyosha mikono, wale wenye mashati ya rangi moja, na watu wazima waliwacheka. Kisha akanyosha mleta barua. Kisha mwalimu, kila asubuhi kabla ya hesabu. Kisha ukienda kwa mwokaji mikate kusema habari za asubuhi, yeye hajibu, anakunyoshea mkono na kungoja wako, na nyuma yako kuna foleni inayotazama. "Walitunyang'anya habari za asubuhi," alisema. Mimi nilitoka kwa watu ambao hawawezi kuuliza bei ya nyanya kabla ya kuuliza nyumba, watoto na afya, nikajaribu kufikiria salamu zote hizo zimefutwa, imebaki moja, na hiyo moja ni ya mtu mmoja. Mama yake hakuwa shujaa, hakusema neno. Alichofanya ni kutotoka nyumbani bila mifuko miwili. Mtu mwenye mikono iliyojaa ana udhuru. Anaitikia kwa kichwa, anatabasamu, anapita. Siku ambazo hakuwa na cha kununua alijaza magazeti. Wanawake kadhaa pale mjini walifanya hivyo, wakapishana barabarani na mizigo yao ya magazeti bila kutazamana, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake.

Siku moja kulikuwa na gwaride. Mama na Trudi walikwama pembeni ya barabara, bendera zinapita, mikono ya mji mzima iko juu, na mama yake yuko pale na mifuko yake ya viazi, anatabasamu tabasamu lake la udhuru. Mwokaji mikate alikuwa kando yao. Alikuwa mtu mwema, Trudi alisisitiza, mtu aliyempa vipande vya keki tangu ameota meno. Kikulacho ki nguoni mwako, nilifikiri, lakini yeye hakumwita adui hata mara moja. Mwokaji aliinama akasema, "Mama, niache nikusaidie," akampokea mfuko wa kulia, akausimamisha kati ya miguu yake, akangoja. Hakutisha, hakusukuma. Alimtazama tu kwa wema, na wengine wakageuka kutazama. "Mama alikuwa na mkono mtupu," Bibi Trudi alisema, "na mkono mtupu hauna la kusema." Ukapanda. Gwaride lilipopita mwokaji alimrudishia mfuko, akagusa kofia, akasema umeona ilivyo rahisi. Hawakumpiga mtu siku ile. Lakini tangu hapo mama aliiacha mifuko nyumbani, hakuihitaji tena, mkono ulikuwa umejua njia. Na asubuhi moja, jikoni, mlango umefungwa, wakiwa wawili tu, Trudi aliingia kunywa maziwa yake, na mama yake akageuka kutoka kwenye jiko akamsalimia kwa mkono ule, mtoto wake mwenyewe, na hakujua kwamba amefanya. Siku hiyo ndipo Trudi alipoichukua mifuko akaanza kuibeba yeye.

Jioni ile nilimwambia Anti yote. Hata kabla sijamaliza alinyanyuka akafungua bomba. Nilidhani atanikatiza. Badala yake aliniambia jambo ambalo mama yangu, dadake, hakulijua. Alipokuwa mwalimu nyumbani, enzi za chama kimoja, mwenzake mmoja alitania jambo kuhusu picha ya Rais iliyokuwa ukutani kwenye chumba cha walimu. Kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu, na walimu wote waliketi wakasahihisha madaftari, hakuna aliyeuliza. Wiki ile ile walipelekwa uwanjani kwa sherehe, na ilipofika saa ya kuinua vidole juu kwa ishara ya chama, yeye aliyekuwa ameapa moyoni kwamba hatainua, aliinua. "Sikuambiwa, Wakesho," alisema. "Nilishtukia tu kidole kiko juu." Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, mimi nilikuwa nikimcheka Anti kwa ung'ongo wake miezi yote ile, na nyoka alikuwa wa kweli. Niliogopa kama sijawahi, si kwa ajili ya bibi peke yake tena. Niliutazama mkono wangu juu ya meza, nikajiuliza nao umekwisha kufundishwa nini ambacho sikijui.

Siku moja kabla ya gari kuja, Anti alikwenda dukani. Aliporudi hakuvua koti wala viatu, jambo ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa kesi katika nyumba ile. Alikuwa na mifuko miwili ya viazi, mizito, vidole vimemfa ganzi kwa baridi. Akaniambia, "Nifungulie," nikamfungulia mlango wa Bibi Trudi, nikasogeza kiti. Bibi alikuwa ameshasimama. Mkono wake ulikuwa umeanza. Anti alisimama pale mlangoni, hakutabasamu, wala hakuiweka mifuko chini. Theluji iliyeyuka kutoka viatuni mwake ikaingia kwenye zulia. Sijui walisimama hivyo kwa muda gani, wale wanawake wawili wazima, wakitazamana mikono. Mimi nilikuwa nyuma ya Anti nikiona mabega yake yakianza kutetemeka kwa uzito, nikataka kumpokea, maana ndivyo nilivyolelewa, na nikajizuia kwa nguvu zangu zote. Mkono wa Bibi Trudi ulisimama katikati ya safari, ukashuka.

"Viazi?" aliuliza.

"Viazi," Anti alisema.

Bibi alisogea mpaka dirishani, akatazama nje, kushoto, kulia. "Weka chini," alisema. "Barabara haina mtu."

Alikula jioni ile, viazi kwa siagi, chumvi nyingi. Bwana Kurt alipokuja Jumamosi alimkuta mama yake jikoni anamenya na Anti, bomba liko wazi, hakuna anayezungumza. Alisimama mlangoni akiwa na kofia mkononi. Kisha akatoka nje kuongea na wale waliokuja na gari, nasi tukasikia likiondoka. Baadaye nilimsimulia yeye pia, na alinisikiliza akitazama sakafu, akaniuliza kama mama amewahi kumtaja, yeye Kurt, katika hadithi hiyo. Nilimwambia kwamba alimtaja. Hakuwa amemtaja, lakini Mungu atanisamehe.

Bibi Trudi aliishi nasi mpaka theluji ilipoyeyuka na mtaa ukaanza kunuka udongo. Siku za mwisho hakuweza kushika kitu. Asubuhi moja alinionyesha kwa macho nifungue bomba, nikafungua, akamwita Anti karibu akamwonyesha mifuko. Anti alichukua ule wa ngozi, kwa heshima, akidhani ni ukumbusho. Bibi akatikisa kichwa. "Chukua yote miwili," alisema. "Mkono mmoja ukibaki mtupu watauomba." Tulimzika, na Jumapili iliyofuata Anti Dorika aliingia kanisani nayo. Pasta aliposema nyosheni mikono, yeye alikuwa pale, amejaa pande zote, macho amefumba, akiomba kuliko wote. Hakuwahi kumweleza mtu. Hata mimi hakunieleza, na sikumwuliza, kama wale wanawake wa mjini kwa Bibi Trudi.

Sasa naye ameondoka. Miezi hii ya misako ya wageni, watu wetu wanapokutana kwenye maduka ya Cedar-Riverside, mtaa wa Waafrika wengi, wanashusha sauti, wanatazama mlango kabla ya kusema, na mimi mwenyewe nimejikuta nafungua bomba jikoni kabla ya kupokea simu. Sijui nilianza lini. Binti yangu ananicheka kama nilivyomcheka Anti.

Mama Furaha alipomaliza kuwachekesha watu alirudi kuketi, na Pasta mpya, kijana mzuri asiyejua lolote la wakati ule, akatuomba wafiwa tusimame. Nilisimama na mifuko yangu. Kando yangu alikuwa mjukuu wa Mama Furaha, msichana wa chuo mwenye miwani, aliyelelewa vizuri. Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Aliona mtu mzima amesimama na mizigo siku ya msiba wake. "Auntie, let me help you," alininong'oneza, akaupokea mfuko wa ngozi kutoka mkono wangu wa kulia kabla sijafungua mdomo. Pasta akasema, "Kanisa, nyosheni mikono yenu kwa familia hii." Nilisikia nguo zikichakarika, mamia ya mikono ikinyoka kutoka nyuma kunielekea, na walikuwa watu wangu, wanaonipenda, wananiombea mema. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshafika usawa wa bega, na sikumbuki kuuambia uende. Nikamgeukia yule binti nikamwomba anirudishie mfuko wangu.